Fungua ya Kujazia Kwanza: Kubadilisha Oili ya Gia Boksi Nyumbani, Mwanza

Oili ya injini ina watu wengi wa kuikumbuka. Ukienda kumwaga oili gereji, fundi anakuandikia kikaratasi cha kilomita za leo na kilomita za kurudi, anakibandika mlangoni. Oili ya gia boksi haina kikaratasi. Niliwahi kuwauliza madereva wa kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo, pale Mwaloni Kirumba, watu wanaoshinda na mizigo ya dagaa milimani, kwamba mara ya mwisho waliibadilisha lini. Wengi waliniangalia kama nimewauliza umri wa bibi zao. "Hiyo mbona haiishi, kaka?" mmoja akanijibu, akaendelea kufunga kamba.

Kweli haiishi, kwa maana ya kwamba haiungui kama ya injini. Ndani ya gia boksi hakuna moto. Ila inachoka. Meno ya gia yanaisaga kutwa, joto linaipunguza nguvu, na unga wa chuma unaolika unabaki humohumo, kwa sababu gia boksi nyingi za mkono hazina filta. Kinacholika leo kinazungushwa na oili mwaka mzima. Vitabu vingi vya magari haya ya Kijapani vinataja kubadilisha au walau kukagua kati ya kilomita 40,000 na 80,000, na vinataka uwahi zaidi kama gari linabeba mzigo, linakula vumbi na kupanda milima. Sisi wa Mwanza tuna vyote vitatu.

Gari langu ni Corolla 110 ya gia tano za mkono. Nililinunua kwa mtu aliyekaa nalo miaka mingi, na nilipomuuliza habari za gia boksi alijibu kwamba haijawahi kumsumbua. Nikajua haijawahi kuguswa. Dalili zilikuwa mbili. Asubuhi, hasa Juni na Julai kunapokuwa na baridi, gia ya pili ilikuwa ngumu kuingia mpaka nifike lami. Ikishapata joto inalainika. Na wakati wa kurudi nyumbani, nikiupanda mlima wa Kilimahewa, nikishusha haraka kutoka tatu kwenda mbili ilikwaruza. Krrr fupi, halafu inaingia.

Jirani yangu ni mzee aliyestaafu udereva wa malori, ana Hiace ya zamani anayoitunza vizuri kuliko sisi tunavyotunza mpya. Nilimwamkia, "Mwangaluka, mzee," nikamweleza. Hakuniuliza habari za oili kabisa.

"Kabla hujanunua hata tone, mwanangu, jua kwanza ni klachi au ni ndani."

Kipimo chake hakina gharama. Gari limesimama, injini inanguruma taratibu bila kukanyagiwa mafuta. Unakanyaga klachi mpaka chini, unahesabu taratibu moja mpaka tatu, kisha unaingiza rivasi. Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, klachi haiachii sawasawa, na oili mpya utakuwa umeimwaga bure. Ikiingia kimya, lakini kuna gia moja au mbili zinazokwaruza ukiwa mwendoni, basi tatizo liko ndani ya boksi lenyewe: oili imechoka, au ringi za sinkronaiza zimelika, au vyote. Rivasi inafaa kwa kipimo hiki kwa sababu kwenye gia boksi nyingi haina sinkronaiza ya kuificha aibu ya klachi. Yangu iliingia kimya.

Hizo ringi ndizo zinazofanya uchaguzi wa oili uwe jambo la kufikiria. Ni viduara vya shaba ya njano, kimoja kwa kila gia ya mbele. Unapoivuta gia, ringi inaanza kusugua koni iliyo ubavuni mwa gia mpaka vyote vizunguke kwa mwendo mmoja, ndipo meno yakutane bila ugomvi. Kazi hiyo inafanyika kufumba na kufumbua, na oili iliyo katikati inatakiwa ipishe upesi ili ringi ishike. Oili nzito mno haipishi upesi, na ukiwa na baridi ya asubuhi unaisikia mkononi. Oili inayoteleza kupita kiasi nayo inainyima ringi kushika. Kwa hiyo "oili ni oili", kauli ninayoisikia kila gereji, kwenye gia boksi ya mkono haifanyi kazi.

Dukani nilisema nataka oili ya gia boksi. Muuzaji hakuinua hata kichwa. "Tisini au mia na arobaini?"

Hapo ndipo wengi tunapopotea. Hizo ni namba za uzito tu. 140 ni nzito sana, ina kazi zake kwenye mitambo mizito na baadhi ya difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa tairi za pande mbili, na wapo mafundi wanaoiweka kwenye gia boksi inayolia ili izibe sauti. Sauti inapungua kweli, lakini asubuhi unapambana na gia. Kitabu cha Corolla hili kinataka 75W-90. Halafu kuna daraja, ambalo kwenye kopo linaandikwa API GL-4 au GL-5. GL-5 imetiwa dawa nyingi zaidi zenye salfa za kustahimili mgandamizo mkubwa wa meno ya difu, na baadhi ya oili za daraja hilo hazipatani na shaba ya ringi zikipata joto. Toyota kwa gia boksi ya namna hii inakubali zote mbili. Nilichukua GL-4 kwa sababu ringi ndizo zilizokuwa zinaniuma kichwa. Gari lako linaweza kuwa tofauti kabisa. Honda wana oili yao ya gia boksi za mkono, na kuna magari ya mkono yanayotumia oili ya haidroliki kama ya otomatiki. Usinunue kwa kumwangalia jirani.

Inaingia lita 1.9. Ukinunua makopo mawili ya lita moja umebakiwa na tone la kujaribia, kwa hiyo kumwaga chini ovyo hakuna. Nilichukua pia washa mbili mpya za nati, vitu vya bei ya soda ambavyo watu hurudishia vya zamani halafu wanalalamika gari linavuja.

Sasa jambo lenyewe nililotaka kulieleza. Gia boksi ya namna hii haina kijiti cha kupimia. Ina nati mbili: ya chini ya kumwagia, na ya ubavuni ya kujazia. Tundu la kujazia ndilo kipimo. Unajaza mpaka oili ifike ukingoni mwa tundu na kuanza kutoka yenyewe, basi imetosha. Maana yake ni kwamba gari likiwa limeinama, kipimo kinadanganya. Likiinamia upande mmoja itamwagika kabla haijafika kiasi. Upande mwingine utaijaza kupita kiasi, na oili iliyozidi inatafuta njia ya kutokea kwenye sili, ile mipira ya kuzuia kuvuja. Ukae Kilimahewa, Isamilo au Bugarika, uniambie wapi kuna uwanja ulionyooka. Uwanja wangu ukiangusha chungwa linakwenda kwa jirani.

Fundi mwashi anayejenga ukuta chini ya kwetu alinisaidia bila kujua. Niliazima kwake pima maji, ile ya alumini yenye kichupa cha kijani. Niliiweka kwenye kizingiti cha mlango wa dereva kwa urefu wa gari, nikaangalia kipovu. Halafu nikaiweka kwa upana, juu ya ubao ulionyooka nilioulaza sakafuni mbele ya viti. Baada ya kusogeza gari huku na huku, nililipata mahali pake mbele ya geti la mzee, ambapo amemwaga zege kwa ajili ya Hiace yake. Upande mmoja ulitaka ubao mmoja chini ya tairi. Kipovu kikakaa katikati. Mwashi alipokuja kuchukua kifaa chake akakuta kiko kwenye gari, akacheka, akasema hata ukuta wake haujapimwa namna ile.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeliendesha mpaka Igoma na kurudi, ili oili ipate joto. Ya baridi inatoka kwa manung'uniko na inaacha uchafu chini. Ya moto sana inaunguza mkono. Ya vuguvugu inafaa.

Mawe ya kuzuia tairi Mwanza hayatafutwi, unachagua tu. Ila mawe ni ya kuzuia tairi, si ya kulalia chini yake. Nililiinua gari mbele kwa jeki, nikaliweka juu ya stendi mbili za chuma, nikalitikisa kwa nguvu kabla sijaingia. Tofali za saruji usizitumie hata kwa dakika moja. Zinabeba ukuta kwa sababu uzito umetandazwa. Ukizipa uzito wa gari kwenye ncha moja zinapasuka bila kuaga.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda na kikombe chake, akaniona nikiikamata nati ya chini. "Fungua ya kujazia kwanza," akasema.

Nilikuwa nalijua hilo, na nilishaliona likimkuta mtu. Kijana mmoja wa mtaani, mwenye kirikuu ya kubebea mchele, alimwaga oili yote vizuri kabisa, akafunga chini, akaenda ya juu. Haikufunguka. Aliyekuwa ameifunga kabla yake aliikaza kama anafunga sefu, na kingo zake zilikuwa zimeshaliwa na spana isiyokaa. Kijana akaipiga, ikawa duara. Gia boksi tupu, gari haliwezi kusogea hata kwenda gereji, na mteja wa mchele anapiga simu. Ilibidi waitwe watu wa kuchomelea, wakabandika nati nyingine juu ya ile ndipo ikazunguka. Ukianza na ya kujazia na ikagoma, oili ya zamani bado imo: unaliendesha gari mpaka kwa fundi mwenye vifaa, hakuna kilichoharibika. Kwenye Corolla langu zote mbili zilikuwa za spana namba 24. Spana ya boksi, inayokumbatia nati pande zote, ndiyo ya kutumia. Ile ya mdomo wazi ndiyo inayokula kingo.

Jambo lingine la kuangalia ukiwa chini ya gari la kuvuta mbele kama hili: nati ya oili ya injini iko jirani. Wapo waliomwaga oili ya gia boksi wakidhani ni ya injini, halafu wakajaza injini mara mbili. Injini ina oili kupita kiasi, gia boksi kavu, na mwenye gari anaondoka akiwa ameshalipa. Tofauti yake utaijua kwa pua. Oili ya gia ina harufu ya salfa, karibu na mayai viza, na inakaa kwenye nguo mpaka ufuaji wa tatu.

Nati ya juu ilitoa mlio mmoja mkali, ikaachia. Nikachovya kidole kwenye tundu: gari likiwa sawa nilitakiwa nikute oili ukingoni, na hata kwa kuhesabu mwinamo wa stendi nikaikuta imeshuka karibu pingili moja ya kidole. Kwa kuwa haiungui, iliyopungua imevuja mahali. Nikakumbuka unyevunyevu wa vumbi jeusi niliouona pale shafti ya tairi ya kushoto inapoingia kwenye boksi.

Ya chini ilitoka nzito, nyeusi yenye weusi wa molasi, na iliendelea kudondoka wakati mzee akimaliza chai. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na ndiyo inayonifanya nisipeleke kazi hii gereji ambako oili inatupwa kabla hujaiona. Nati ya chini ilikuwa na uji wa kijivu umeshikamana. Niliusugua kati ya vidole viwili. Ukiwa laini kama poda, huo ni ulaji wa kawaida wa miaka. Ukikuta vipande, vijisindano au kona ya jino, funga hesabu ya oili na uanze hesabu ya gia boksi. Wangu ulikuwa laini. Kisha nikaliinamisha beseni juani. Juu ya weusi kulikuwa na vimeremeto vya dhahabu, vichache, vinavyogeuka na mwanga. Hiyo ni shaba, ni ringi. Nikajua hapohapo kwamba gia ya pili itapata nafuu lakini haitapona. Rangi ambayo sikuiona, na nilishukuru, ni ile ya chai ya maziwa. Hiyo ni maji. Magari yanayoingizwa ziwani kuoshwa au kupakia mchanga huipata hivi: boksi lina joto, linakutana na maji baridi ghafla, hewa ya ndani inanywea na kuvuta maji kupitia kipumulio au sili zilizochoka.

Kufunga chini ilikuwa kazi ya dakika chache: kusafisha nati, washa mpya, kukaza. Boksi ni ya alumini na nati ni chuma, kwa hiyo ukikaza kwa hasira unaua meno ya boksi, siyo ya nati. Kitabu kinataka karibu nyutonimita 40, ambayo kwa spana ya urefu wa kawaida ni mkono mmoja uliotulia, bila kuning'inia.

Kujaza ndiko kunakowashinda watu, maana tundu liko ubavuni na hakuna nafasi ya kopo. Kuna njia ya bomba: maduka ya dawa za mifugo, na Usukumani hayakosekani, yanauza bomba kubwa la kunyweshea ng'ombe dawa. Lipya, lenye mpira mbele, linanyonya oili na kuisukuma tunduni vizuri. Mimi nilitumia njia ya mpira mrefu unaoonyesha ndani, kutoka juu kwenye injini mpaka tunduni, na faneli kichwani. Makopo nilikuwa nimeyaloweka kwenye beseni la maji ya moto, kwa sababu oili hii ikiwa baridi inashuka kwenye mpira kwa kuhesabu. Mpira nikauchomeka gari likiwa juu, nikalishusha kwenye zege lake, nikakagua tena pima maji, ndipo nikamimina. Kopo la kwanza lote, la pili kidogokidogo, mke wangu akiwa amechuchumaa mbele anaangalia tundu. Aliposema "inatoka," niliacha, tukasubiri mpaka ikadondoka nyembamba na kukata yenyewe. Nikafunga. Kwenye kopo kulibaki kidogo tu, nikalihifadhi.

Gia ya pili sasa inaingia asubuhi bila kubembelezwa. Hilo ndilo badiliko kubwa. Ile krrr ya mlimani bado ipo nikiharakisha, ila imekuwa adimu, na nimejifunza kuisubiri gia nusu pumzi. Mlio mwembamba wa gia ya tano, ambao sikuutaja mwanzoni, uko vilevile, na sikutarajia uondoke, kwa kuwa huo ni beringi na beringi haziponi kwa oili. Anayekuuzia kopo la kuponya gia boksi iliyolika anakuuzia kopo tu.

Oili chafu niliirudisha kwenye makopo yake. Mifereji yetu ya milimani yote inaelekea ziwani, Mto Mirongo unakatiza katikati ya mji na kumwaga hukohuko, na Capri Point, ufukweni hukohuko, ni mojawapo ya mahali maji ya bombani yanakovutwa. Kumwaga oili mtaroni ni kuiagiza irudi nyumbani kwa bomba. Mzee aliiomba kwa ajili ya nguzo za uzio wake, mchwa wamezianza. Nilimpa kwa sharti kwamba apake zikiwa juu ya turubai na azikaushe kabisa kabla hazijachimbiwa, na nikamkumbusha kwamba kisima chake kiko upande ule. Akazipeleka nguzo upande wa pili.

Nimeweka kipande cha boksi la karatasi chini ya gari usiku, mahali palepale. Nati zote mbili ni kavu. Upande wa shafti ya kushoto kuna doa la ukubwa wa sarafu, kwa hiyo sili iko kwenye orodha, na nimeandika kilomita kwenye kikaratasi, nikakibandika mlangoni pembeni ya kile cha injini.

Hiace ya mzee inafuata. Yenyewe inavuta nyuma, difu iko peke yake na oili yake, kwa hiyo kuna nati nne za kufungua badala ya mbili. Tumeshaingia chini kuangalia. Ya kujazia difu inaonekana iliwahi kupigwa nyundo na patasi, na mzee anaapa kwamba haikuwa zamani zake.